Hellraiser ya 1987: Hii Muvi Bado Inatisha, na Hamna Kompyuta Hapo

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo ni Hellraiser, ile ya kwanza kabisa ya 1987, na kama unakula weka sahani pembeni kwanza maana hii muvi haina huruma.

Stori ni fupi. Frank ni mtu wa starehe, keshaonja kila kitu na hatosheki, ananunua kisanduku cha fumbo, akikifungua wanatokea viumbe wanaitwa Cenobites na minyororo yenye ndoano inamchana vipande vipande. Baadaye ndugu yake Larry anahamia nyumba ileile na mkewe Julia, na huyo Julia alishatembea na Frank.

Sasa hapa tutulie. Siku wanahamisha kitanda Larry anachanika mkono na msumari, damu inadondoka kwenye mbao za chumba cha juu, mbao zinainyonya yote, na chini ya sakafu Frank anaanza kujijenga upya, mikono inachomoza kwenye ute, mifupa inajiunga, ubongo unajiumba, mpaka linainuka limtu halina ngozi linapiga kelele. Jamani ile ni kazi ya mikono! Bob Keen na timu yake waliunda hayo mambo kwa vitu vya kushikika, shoti nyingine walipiga kitu kikiyeyuka halafu wakaichezesha kinyumenyume, na bajeti ya muvi nzima ilikuwa kama dola milioni 1 tu. Baadaye Frank anavaa shati akiwa bado hana ngozi, damu inapenya kwenye kitambaa, naye anavuta sigara yake kawaida kabisa. Unaamini kwa sababu kile kitu kilikuwepo kweli chumbani, taa inakimulika, kinang'aa, muigizaji mwenzake anakiangalia usoni.

Wengi wanadhani steringi ni Pinhead, yule Cenobite mwenye misumari kichwani, kachezwa na Doug Bradley. Hapana, haonekani hata dakika 10, na anaongea taratibu kwa adabu, ndo maana anaogopesha. Anayenitisha zaidi mimi ni Julia, Clare Higgins kaua hapo! Analeta wanaume nyumbani anawapiga nyundo ili Frank apate damu, wa kwanza anatetemeka kabisa, lakini baadaye amekaa na mumewe wanaangalia ndondi kwenye TV, mume anamuuliza kama zinamkera, anajibu ameshaona mabaya zaidi. Clive Barker alitunga kitabu mwenyewe, muvi akaiongoza mwenyewe, na ilikuwa muvi yake ndefu ya kwanza, we acha tu.

Ile miale ya mwishoni imechorwa na inaonekana imechorwa, hapo sibishi, nakata nusu.

Naipa 9 na nusu kwa 10. Watoto wasiwepo sebuleni, sauti weka juu muziki wa Christopher Young ukufikie vizuri, na ukimaliza nenda moja kwa moja ya pili maana inaanzia palepale.