Red Star Line, Antwerp: pale abiria wa daraja la tatu walipovuliwa nguo

Nilipelekwa na shemeji yangu anayeishi Antwerp, Jumapili ya mvua, na kusema kweli akili yangu ilikuwa kwenye chakula. Kwa nje ni mabohari ya matofali mekundu pale Rijnkaai, ukingoni mwa mto Scheldt. Ukipita haraka utadhani ni stoo za bandari tu. Kumbe ndipo kampuni ya meli ya Red Star Line ilipowachuja abiria wake. Kati ya 1873 na 1934 ilivusha watu wapatao milioni mbili kwenda Amerika. Tangu 2013 pamekuwa makumbusho.

Kilichonishika ni sehemu ya ukaguzi. Wenye tiketi za daraja la kwanza na la pili hawakusumbuliwa. Wa daraja la tatu walivuliwa nguo, wakaogeshwa kwa siki ya moto, mizigo yao ikaingizwa kwenye matangi ya mvuke kuua wadudu, kisha daktari akawapindua kope kutafuta vikope (trakoma), ugonjwa wa macho unaoambukiza. Wala haikuwa huruma: aliyekataliwa Marekani alirudishwa kwa gharama ya kampuni. Pana habari za msichana mdogo aliyefika hadi Ellis Island, kituo cha kukagulia wahamiaji pale New York, akarudishwa kwa sababu ya macho. Hiyo niliisoma mara mbili.

"Shem, si kama wewe na ile picha ya kifua?" shemeji akaniuliza.

Nikacheka, lakini ndivyo. Wakati naomba viza nilisimama kifua wazi kwenye kliniki moja Nairobi, kidevu juu ya ubao wa baridi, naambiwa vuta pumzi, bana. Niliendelea kubana hata baada ya kuambiwa achia.

Wengi hujazana kwenye piano ya Irving Berlin, mtunzi maarufu wa nyimbo wa Marekani aliyepita hapa akiwa mtoto, na kwenye habari za Einstein, ambaye naye alikuwa abiria wa kampuni hii. Sawa, ila mimi sikukaa hapo. Meli za kwenda Matadi, bandari ya Kongo, nazo ziling'oa nanga bandari hii hii, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Pandeni mnara, uliowekwa badala ya bomba la moshi la zamani. Juu unauona mto unavyokata kona kuelekea baharini.

Jumatatu pamefungwa. Na ukienda na mtu aliyehamia juzijuzi, usimharakishe pale kwenye ukaguzi.