Gereji ya Ngamiani walionishushia injini ya Landrova, hawa nimewakubali

Wadau wa magari ya zamani mlioko Tanga, kama una injini ya kushusha, yaani kuitoa kwenye gari, na hujui upeleke wapi, kuna gereji moja Ngamiani haina hata kibao, we ulizia mafundi wa Landrova utaonyeshwa. Yangu ni Series III ya marehemu baba, alikuwa anaendea shamba la mkonge, ya petroli, injini ya 2286 cc, bodi alminiamu mpaka leo safi ila moshi wa bluu ulikuwa unatoka hadi jirani anafunga madirisha. Ringi za pistoni zimekwisha, lazima oveholi, yaani injini ifunguliwe yote.

Injini hiihii ilishawahi kushushwa kwengine, sipataji, walifunga kamba kwenye tawi la mwembe vijana wanne wakawa wanavuta, kamba ikateleza, injini ikatua juu ya chesisi na kijana mmoja akapondeka kidole. Yule kijana alivyolia sijasahau. Kwa hiyo safari hii nilisimama pale mwanzo mwisho.

Hawa wana kreni ya injini, ile ya kupampu kama jeki, na sakafu ya simenti. Simenti usiidharau, vimagurudumu vya kreni ni vidogo, vikikanyaga mchanga wetu huu vinazama na injini inaanza kubembea. Wakachomoa betri, wakamwaga maji na oili, boneti ikatoka, halafu rejeta na ile fremu yake ya mbele kwa mpigo mmoja. Kila waya ukafungwa selotepu ukaandikwa namba. Geaboksi inabaki kwenye gari, basi kabla ya kulegeza bolti zinazoiunga na injini wakaipigia jeki na kipande cha mbao kwa chini, maana injini ikitoka mbele haina cha kuishikilia.

Sasa kilichonikosha. Kreni imeandikwa tani 2, lakini fundi akanionyesha matundu kwenye mkono wa hiyo kreni, hizo tani 2 ni mkono ukiwa mfupi kabisa, ukiuvuta mpaka tundu la mwisho inabaki nusu tani. Cheni akaifunga kwenye masikio ya kunyanyulia ya injini yenyewe, akapampu mpaka ikakaza, injini ikapanda kama vidole viwili hivi, akasimama. Akazunguka gari lote anachungulia na tochi, akakuta waya wa athi, ule unaounga injini na chesisi, bado umefungwa! Angeendelea kupampu je? Ndo wakaivuta mbele taratibu, imenyooka, mpaka shafti ya geaboksi ikachomoka kwenye klachi, nami nikasogeza mkono nisaidie, akanambia "Mwanangu toa mkono huo, rudi kule." Hakuna aliyepita chini yake hata mara moja. Ilipokuwa juu wakasukuma gari nyuma, injini ikashushwa mpaka karibu na sakafu kabla ya kreni kusogezwa popote.

Ubaya wao, simenti inaingia gari moja tu, nilisubiri siku nne, na wanataka nusu ya hela kabla. Ufundi nimeambiwa 180,000 kushusha na kurudisha, spea mbali. Kreni wanakodisha pia ila lazima aje kijana wao, kuna watu wanalalamikia hilo, mi naona ni haki yao kabisa.

Injini iko kwenye stendi, kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imeenda kuchongwa. Siku ya kuirudisha nitakuwepo palepale.