Trela ndogo ya kulalia: nimeileta kwenye upepo wa Loiyangalani

Hamjambo jamani, karibuni tena. Huo mvumo mnaousikia si ubovu wa maikrofoni. Nipo Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na huo ndio upepo wenyewe.

Kama unataka kuijua trela, ilete huku. Upepo wa kusini-mashariki unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, unatokea huku umekasirika. Si bure mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimikwa pale Sarima. Megawati 310 hazitoki kwenye upepo wa kupunga jasho.

Trela ni hii hapa. Umbo la tone la maji, nikisimama naona juu ya paa lake, na ikiwa na mizigo ni kilo 700 hivi. Naivuta na Hilux.

Kutoka Laisamis ilinifuata kwa adabu. Nilipoelekea kaskazini kando ya ziwa, upepo ukanipiga ubavu wa kulia, na mkia ukaanza kucheza. Kosa langu! Madumu ya maji nilikuwa nimeyapanga nyuma kabisa, nyuma ya ekseli. Trela hutaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ikalie kwenye ndoano ya gari; ukijaza mkiani, pua inakuwa nyepesi na kila dharuba inaiyumbisha. Ikikuanza hivyo, usikanyage breki ghafla wala usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, nyoosha gari, ngoja itulie. Nikasimama, nikahamishia madumu mbele, kuyumba kukaisha.

Sasa usiku. Jirani yangu hapa kambini ana trela yenye hema la kufungukia juu ya paa. Saa nane nikamsikia anahangaika kulikunja. Amekesha ndani ya gari, maskini. Mimi nilitikiswa kama niko kwenye matatu, lakini nililala. Unajua, kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu ya kusukuma inazidi mara nne. Hema refu lenye kuta bapa, juu kule, hilo ni tanga la jahazi. Hii yangu iko chini na mgongo wake ni wa mviringo.

Ila sikuliachia umbo kazi yote. Pua niliielekeza upepo unakotoka, trela sikuifungua kwenye gari, na jeki za kona nne nilizishusha mpaka zikakaza tu. Turubai la kivuli sikulifungua kabisa. Hilo ndilo hung'oka kwanza.

Kinachoniudhi ni mlango. Bawaba ziko upande wa nyuma, kwa hiyo ukiwa umeelekea upepo, ukiuachia nafasi ya vidole viwili tu, unanyakuliwa. Jana ulinitoka mkononi ukapiga bodi, bawaba ikapinda. Fundi mmoja hapa ameinyoosha kwa nyundo, lakini bado inalia. Ngoja nifungue msikie.