Seti ya upinde wa kuvulia vyura: naipima kwa nyama inayofika sufuriani

Naanza na hukumu, ili asiye na muda asihangaike. Upinde wenyewe ni mzuri sana, gurudumu la uzi linafaa, mshale unahitaji kurekebishwa kabla ya kurushwa hata mara moja, na ncha iliyokuja nao ningeibadilisha siku hiyohiyo. Kati ya nyota tano naipa tatu na nusu. Anayewinda vyura ili awale asiishie kwenye nyota. Kifaa cha aina hii mimi sikipimi kwa wingi wa vyura, nakipima kwa hali ya nyama.

Ndani ya boksi kuna upinde wa kawaida usio na roda, unaofunguka vipande vitatu, wenye nguvu ya ratili 25, yaani kama kilo 11. Kuna mshale mmoja mzito wa faiba usio na manyoya, ncha ya meno matatu, gurudumu la kukunjia uzi linalofungwa mbele ya mshikio, na uzi wa kusuka. Watu watasema ratili 25 ni kidogo. Kwa samaki mkubwa aliye kwenye maji ya kina, nakubali. Kwa chura aliyejikalia ukingoni hatua nne au tano kutoka ulipo, inatosha na kubaki. Upinde mkali zaidi utampitisha mshale chura na kuuzamisha kwenye tope au kuugonga jiwe, kisha utatumia nusu saa kuuchomoa. Isitoshe, kazi hii ni ya usiku, umechuchumaa kwenye matete, tochi iko kichwani, na unavuta polepole ili kivuli chako kisicheze. Mkono unaotetemeka haulengi kichwa cha chura. Upinde huu unavutika laini mwanzo hadi mwisho, na ukiachia hausikiki. Chura wa pembeni huwa hata hajashtuka.

Ugomvi wangu na waliotengeneza seti hii uko kwenye mshale. Uzi umefungwa moja kwa moja kwenye tundu lililo mkiani. Ukivuta upinde, uzi huo unakaa karibu kabisa na upote, yaani kamba ya upinde, na ukilegea unaweza kujisokota kwenye upote wenyewe, kwenye kidole au kwenye kifungo cha shati. Mshale ukiachiwa huku uzi umenasa, unakatishwa safari hewani na kumrudia aliyeurusha, na ncha yake ni ya chuma. Hatari hii inajulikana kwa wanaovua samaki kwa upinde, ndiyo maana kuna kijipande cha plastiki kinachoteleza juu ya mti wa mshale. Uzi hufungwa kwenye hicho. Wakati wa kuvuta kinakaa mbele, mbali na upote, na mshale ukiondoka chenyewe kinateleza kurudi mkiani. Kinauzwa peke yake na kukifunga ni kazi ya dakika chache. Seti inayouzwa kwa watu wanaoanza haikupaswa kukikosa, na nyota moja nzima nimeikata hapo.

Uzi nausifu. Ni wa kusuka, hauvutiki kama nailoni, kwa hiyo hata mshale ukinasa kwenye mizizi ukauvuta kwa nguvu, haukurudii kama manati.

Sasa ncha. Meno matatu yaliyopanuka yanavutia dukani kwa sababu yanasamehe shabaha mbaya. Lakini chura mkubwa unayemwinda, hata awe yule wa Marekani ambaye wataalamu humwita Lithobates catesbeianus, mwili wake mara nyingi haufiki kilo moja, na nyama inayotafutwa iko kwenye mapaja. Meno matatu yakimpata katikati, utumbo unapasuka na uchafu wake unasambaa hadi kwenye nyama. Vyura hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuumwa. Hapo umeshaanza na nyama yenye shaka kabla hujafika jikoni. Mimi naitumia ncha moja nyembamba yenye kulabu mbili ndogo, nalenga nyuma kidogo ya macho. Mshale ukiingia hapo chura anakufa papo hapo, mapaja yanabaki mazima, na kulabu zinamshikilia hadi umvute. Asipokaa vizuri, simrushii. Na kama bado anatapatapa, pigo moja zito la kichwa linammaliza; kumwacha ateseke kwenye mfuko sikubaliani nako kabisa.

Aliye nje ya maji mlenge pale unapomwona. Aliyezama, mwili wake unaonekana juu kuliko ulipo kwa sababu mwanga hupinda ukitoka majini, basi lenga chini zaidi. Usirushe mshale kwa mlalo juu ya maji. Unadunda na kwenda usikokujua.

Kuna jambo moja ambalo upinde unashindwa na wavu, na hakuna seti itakayolitatua. Unamuua chura ukiwa mbali. Mwenye wavu akishika asiyemtaka anamwachia, wewe umeshamchoma. Kwa hiyo tochi iwe na mwanga mweupe wa kutosha, na macho yanayong'aa gizani yasiwe sababu ya kuvuta upinde. Tazama ngozi kwanza. Vyura wa nchi kavu wenye vipele wana tezi nene nyuma ya macho, na sumu iliyomo inagusa moyo. Kuipika hakuiondoi. Chura wa namna hiyo haingii kwenye mfuko wangu, na hata mshale uliomgusa kwa bahati mbaya unaoshwa kabla ya kutumika tena.

Halafu tazama umbo. Chura mkubwa wa Marekani ana mkunjo wa ngozi unaoanzia nyuma ya jicho na kuzunguka duara la sikio, ila hana matuta mawili yanayoteremka mgongoni. Dume lake lina sikio kubwa kuliko jicho. Kwa jike vinakaribiana. Rana draytonii wa California, ambaye analindwa kisheria tangu 1996, ana matuta hayo mgongoni, na wawili hao wanaweza kukutwa kwenye bwawa moja. Popote ulipo, uliza kwanza spishi zinazoruhusiwa, msimu, kibali, na kama upinde na tochi vinakubalika kisheria. Maji nayo yana sheria zake: pembeni mwa shamba linalopuliziwa dawa, kwenye mfereji wa maji taka, au kwenye bwawa lililofunikwa na utando wa kijani kama rangi, siwindi.

Nyumbani navaa glavu. Nakata miguu yote miwili pamoja kwenye nyonga, nakata nyayo, kisha naishika ngozi kwa koleo na kuivuta. Inatoka kama soksi. Tumbo siligusi. Nyama inaingia kwenye barafu mara moja. Ukinyunyiza chumvi kwenye miguu iliyochunwa sasa hivi, misuli itaanza kucheza, vidole vilivyoshika kisu vitasita, na mtu asiyejua anaweza kuitupa yote. Misuli mibichi bado ina uwezo wa kujikunja, na chumvi ndiyo inayoiamsha. Nyama haina kasoro.

Kasoro ninayoitafuta ni nyingine: uzi mweupe bapa, kama utepe mwembamba, uliojificha kati ya nyuzi za paja. Huo unaweza kuwa buu wa mnyoo wa Spirometra, na kwa mwanadamu huhama chini ya ngozi, na wakati mwingine hufika jichoni au kwenye ubongo. Nikiuona, mguu huo naufukia. Lakini kutouona hakumaanishi kwamba haumo, kwa hiyo hakuna kula chura mbichi wala nusu mbichi, na nyama mbichi haifungwi juu ya kidonda au jicho kama dawa, maana buu hupita huko pia. Mwaka 1976 ilichapishwa ripoti kutoka Kanada ya mtu aliyekufa mwili wake ukiwa umejaa mabuu ya Alaria, mnyoo mwingine bapa, na chanzo kilichodhaniwa ni miguu ya vyura ambayo haikuiva.

Mimi nachemsha kwanza, kisha nakaanga. Kukaanga peke yake kunadanganya, nje inakuwa rangi ya dhahabu na karibu na mfupa bado kuna wekundu. Kipimajoto kikisoma nyuzijoto 74 kwenye sehemu nene ya paja, nyama imekuwa nyeupe yote na inaachia mfupa bila kulazimishwa. Ubao na kisu vinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto kabla havijagusa mboga. Kugandisha ni kwa kuhifadhi tu. Salmonela haifi kwenye friza.

Narudi kwenye seti, kwa sababu matunzo yake yana uzito kuliko maelezo ya karatasi yake yanavyosema. Kuna kuvu wa ngozi, Batrachochytrium dendrobatidis, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1999, ambaye ameangamiza vyura sehemu nyingi za dunia, na huyu chura mkubwa wa Marekani anaweza kumbeba bila kufa. Kabla ya kuhama bwawa, mshale, uzi na buti vinasuguliwa tope, vinapitishwa kwenye maji yenye dawa ya klorini na kuanikwa mpaka vikauke kabisa. Faiba na mikono ya upinde vinavumilia dawa hiyo vizuri. Springi ya gurudumu haivumilii, inashika kutu upesi. Isuuze kwa maji safi, ikaushe, na uitie tone la mafuta ya mashine.