Kocha wa Kigeni kwa Klabu za Nyanda za Juu: Tathmini ya Huduma

Klabu ya Mbeya, Iringa au Njombe inayoajiri kocha kutoka nje inanunua vitu vitatu kwa mshahara mmoja: jina, maarifa, na muda wa kuwafundisha makocha wenyeji. Jina linaingia siku ya kwanza, siku ya picha na jezi. Maarifa huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Hicho cha tatu ndicho klabu nyingi hukilipia, kisha hukiacha dukani.

Mfano uko hapa hapa. Januari 2016 Mbeya City ilimkabidhi timu Kinnah Phiri wa Malawi, baada ya Juma Mwambusi, aliyeifikisha nafasi ya tatu ya Ligi Kuu msimu wa 2013/14, kwenda Yanga. Phiri hakuokotwa. Akiwa fowadi alikuwamo kwenye Malawi iliyotwaa Kombe la Chalenji, la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati, 1978 na 1979. Akiwa kocha alifanya kazi Afrika Kusini na klabu ya Free State Stars, na pia akaipeleka Malawi AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2010 kule Angola, ikaichapa Algeria 3-0, Algeria ile ile iliyocheza Kombe la Dunia mwaka huo. Novemba 2016, pale uwanja wa Sokoine, Mbeya, Mbeya City yake iliifunga Yanga 2-1. Hata hivyo hakutimiza miaka miwili. Mwaka 2017 benchi likashikwa na Ramadhan Nsanzurwimo wa Burundi.

Hayo ndiyo maisha ya makocha hawa. Hans van der Pluijm, kipa wa zamani wa FC Den Bosch, alipita Ghana, akaja Yanga, akaenda Singida United, kisha Azam. Kwa hiyo panga kazi ya miezi 18. Ukipanga mradi wa miaka mitano juu ya mtu mmoja, utabaki na makaratasi.

Na makaratasi ndipo klabu huumia zaidi. Kocha wa kigeni anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Kibali cha kazi ni cha miezi 24, na kinahuishwa. Viongozi wengi husaini mkataba kwanza wakidhani kibali kikikwama mkataba utakufa wenyewe. Haufi. Kanuni za FIFA, shirikisho la soka la dunia, tangu Januari 2021, zinakataza kuufungamanisha mkataba wa kocha na kupatikana kwa kibali au na leseni fulani ya ukocha. Ukishasaini, unadaiwa. Kagua leseni yake na TFF (shirikisho la soka la Tanzania), anza mchakato wa kibali, ndipo kalamu ishike karatasi. Mishahara miwili ikipita bila kulipwa, kocha akaandika barua ya madai na kutoa siku 15, ana haki ya kuvunja mkataba na kwenda FIFA, na huko deni likishathibitishwa, klabu isipolipa ndani ya muda iliopewa hufungiwa kusajili.

Kabla ya yote hayo, mjaribu uwanjani, si ofisini. Mpe kikosi kwa saa moja na nusu. Akiwa fowadi wa zamani, weka mipira 12, mawinga wawili, washambuliaji watatu na kipa, umwambie afundishe umaliziaji. Shuti la tatu litapaa. Kocha wa jina atapiga kelele, "Tulia!" Kocha wa kazi atasimamisha zoezi, atamshika kijana bega na kumwonyesha kwamba mguu wa kusimamia umebaki nyuma ya mpira, kifua kimelala nyuma, ndiyo maana mpira unapita juu ya mwamba. Atausogeza mguu ule hadi ubavuni mwa mpira, kisha atarudia krosi ile ile mara sita. Huyo mchukue.

Muulize pia kuhusu mazingira. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na pasi ndefu ya mtu aliyezoea pwani humpita winga. Kuanzia Novemba mvua inalainisha eneo la mbele ya goli, na timu inayoanzia mpira kwa kipa itaona pasi ya mita tano ikifia kwenye tope. Kocha asiye na mpango wa pili wa kutoka nyuma atapoteza pointi za nyumbani mpaka Aprili.

Kuhusu msaidizi, sheria ya ajira za wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania. Klabu huujaza kama fomu tu, na hilo linauma, kwa sababu hapo ndipo thamani yote ilipo. Andikeni kwenye mkataba kwamba msaidizi mzawa aongoze zoezi moja kila wiki kocha mkuu akiwa pembeni anamkosoa, na kwamba mipango yote ya mazoezi ibaki klabuni. Klabu ya Championship (ligi ya pili chini ya Ligi Kuu) isiyo na msaidizi wa kupokea kazi hiyo isinunue huduma hii; fedha hizo zimsomeshe kwanza mzawa mmoja leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka la Afrika.