Prosesa ipi, Core i5-12400 au Ryzen 5 5600, kwa kuhariri video nyumbani?

Kwa kori (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) zimelingana, 6 kwa 6. Kinachozitenganisha ni kwamba i5-12400 imebeba kitengo cha picha ndani yake, chenye Quick Sync (teknolojia ya Intel ya kushughulikia video), kinachofungua video za miundo ya H.264 na HEVC bila kuitesa prosesa. Ndani ya Premiere Pro, programu ya kuhariri video, klipu ya 4K ya simu unaiburuta mbele na nyuma nayo haikwami-kwami.

Ryzen 5 5600 haina kitengo hicho. Bila kadi ya picha, skrini inabaki nyeusi. Kama kadi nzuri unayo tayari, na Ryzen umeipata kwa bei nafuu zaidi, ichukue, chenji uongezee RAM ifike GB 32. Kama huna, mimi nasema i5. Ila kagua boksi: i5-12400F, yenye herufi F, haina Quick Sync.