QueryTracker: nimeitumia mwaka na miezi miwili kutafuta wakala wa riwaya yangu, nikiwa hapa hapa Dodoma

Jamani habari zenu, nimeulizwa sana inbox hivi unampataje wakala wa kukupelekea riwaya kwa wachapishaji wa Marekani na Uingereza, hasa tangu Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021 watu wengi wanaamini njia ipo ila haijulikani inapoanzia. Sasa nimeona niandike mara moja kuhusu kitu nilichokitumia kweli, kinaitwa QueryTracker, ni tovuti ya kutafuta mawakala wa waandishi na kufuatilia barua ulizowatumia.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Nkuhungu, mchana nafundisha usiku naandika. Riwaya niliianza kwa Kiswahili, ikala miaka minne, halafu nikakaa chini nikaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, imetoka maneno 82,000. Inahusu Kongwa, ule mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, walivyokuja na matrekta mpaka na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta kuja kung'oa mapori, udongo ukawashinda maana ukikauka unakuwa kama saruji, mvua nayo ikawanyima, 1951 wakafunga virago wakiwa wamepoteza kama pauni milioni 36. Bibi yangu mzaa mama alikuwa binti mdogo pale Kongwa na alituhadithia mengi, kwa hiyo hii kazi siichukulii kama ya kupitisha muda, naiweka moyoni.

Kabla sijaijua hii tovuti nililizwa. Kuna kampuni moja, sitaitaja, walinitafuta wenyewe wakasema ni mawakala, wamesoma sura zangu tatu na wamezipenda mno, ila kuna ada ya kusoma muswada mzima dola 150. Nikatuma, karibu laki tatu na themanini, hela ambayo nilikuwa nimeiweka ya bati. Wiki mbili baadaye wakasema muswada ni mzuri sana lakini unahitaji mhariri wao, dola 400, na mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Nikaenda steshenari moja karibu na Nyerere Square kuskani pasipoti ili niwatumie na ule mkataba. Yule kijana wa pale ananizoea maana ndiye anayeniprintia mitihani, akaushika mkataba akausoma wote kimya, na nyuma yangu kuna foleni ya wanafunzi wa chuo, halafu akaniuliza taratibu,

"Madam samahani, hawa ndo wanakutafutia soko au wewe ndo soko lao?"

Nikamwambia hawa ni mawakala, kazi yao kunitafutia mchapishaji.

"Sasa madam, mbona dalali wa mnadani anakula ng'ombe akishauzwa? Hawa wamekula mara ya kwanza na ng'ombe bado yuko zizini."

Sikuskani ile pasipoti. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma usiku kucha na ndio nikajua kumbe kijana alikuwa sahihi kabisa. Wakala wa kweli halipwi na mwandishi hata senti, anakula asilimia 15 ya kile ulichopata kitabu kikishauzwa, na haki za nchi za nje au tafsiri mara nyingi asilimia 20, kwa sababu hapo anagawana na wakala mwenzake wa kule. Chama cha mawakala wa Marekani, AALA, kinakataza kabisa wanachama wake kutoza ada ya kusoma. Kwa hiyo mtu akikwambia lipa nisome, mwache aende zake, hata kama barua yake ina nembo ya dhahabu na ina sifa nyingi kuliko za harusi. Kuna na mradi wa Writer Beware, wako kazini tangu 1998, kazi yao ni kuwaanika matapeli wa namna hiyo, nilitafuta jina la wale wangu humo ndani nikakuta watu wengine wameshalia kabla yangu.

Haya, QueryTracker yenyewe. Kujiunga ni bure na hiyo ya bure inatosha kuanzia. Unaandika aina ya riwaya yako, mimi naweka riwaya ya kihistoria, inakuletea mawakala wanaoipokea, nani amefungua mlango saa hizi na nani amefunga, anataka utume kwa imeili au kwa fomu. Ukishatuma unaweka alama na tarehe, akijibu unaweka tena. Chini ya kila wakala kuna maoni ya waandishi wengine, mtu anaandika nilituma tarehe fulani, kanijibu baada ya siku 40, amekataa. Ni kitu kidogo lakini ndugu zangu, ukiwa uko Dodoma peke yako na hakuna hata mtu mmoja unayemjua anayefanya hiki kitu, kusoma kwamba kuna mama mwingine mahali anasubiri barua ile ile kwa wakala yule yule kunakupa nguvu ya ajabu.

Baada ya miezi mitatu nikalipia ile ya juu, mimi nililipa dola 25 kwa mwaka kwa kadi ya Visa ya kwenye simu, angalieni bei ya sasa wenyewe. Kilichonifanya nione hela yangu imefanya kazi ni ile orodha inayoonyesha barua za wakala kwa mpangilio wa tarehe, ipi amejibu na ipi bado, kwa hiyo unaona kabisa huyu amefika barua za mwezi wa pili na yangu ni ya mwezi wa tatu, bado sijafikiwa. Ni kama namba ya foleni benki. Kabla ya hapo nilikuwa nafungua imeili kila baada ya kipindi, mpaka wanafunzi wakaanza kuniuliza madam unasubiri nini. Mkumbuke tu kwamba hizo taarifa zinajazwa na waandishi wenyewe kwa hiari, wale wasiojaza hawaonekani, kwa hiyo usizichukue kama matokeo ya NECTA.

Sasa tovuti inakufikisha mlangoni, lakini anayebisha hodi ni barua yako, na hapa ndipo nataka tukae kidogo maana ndipo sisi tunapoanguka wengi. Hiyo barua wenyewe wanaiita kwiri, ni ukurasa mmoja, kama maneno 300 hivi. Sisi tumefundishwa barua rasmi tangu darasa la tano, anwani mbili, YAH kwa herufi kubwa unapiga mstari chini, halafu husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka kadhaa. Na mimi barua zangu nane za kwanza niliziandika hivyo hivyo kwa Kiingereza. Aya nzima ya kwanza najieleza, elimu yangu, shule ninayofundisha, heshima nyingi, riwaya inatajwa huku chini kabisa karibu na wako mtiifu. Zote nane nilikataliwa au sikujibiwa. Nilipokuja kusoma barua za waandishi waliofanikiwa nikaona mtu anaanza na hadithi moja kwa moja, nani, anataka nini, nini kinamzuia, asipopata itakuwaje, halafu ndio aina ya riwaya, idadi ya maneno, vitabu viwili vya miaka ya karibuni vinavyofanana na chako, mwisho sentensi mbili za kujitambulisha, basi.

Nikaifumua. Zamani ilianza, naandika kuomba unifikirie kuwa mwandishi wako. Sasa hivi inaanza na binti wa miaka kumi na mbili anayewapelekea maji wafyekaji wa Kongwa, akagundua mbuyu uliochorwa chaki nyeupe kwa ajili ya kuangushwa ni ule ambao chini yake amezikwa mama yake. Hiyo ni sentensi ya kwanza, hakuna salamu ndefu. Jina la wakala juu pale liandikwe sawasawa herufi kwa herufi, usiandike Dear Sir kwa watu wote, wanajua. Na msitume zote kwa mkupuo, tumeni sita au nane, msubiri mwone upepo, kwa sababu barua ikiwa mbovu na umeshawatumia wote hamsini huna pa kurudi, wengi kazi ile ile hawaitazami mara ya pili. Kutuma kwa mawakala kadhaa wakati mmoja hakuna ubaya, wanalijua hilo na wamelizoea, ila wakala wawili wa ofisi moja kwa mara moja hapana.

Kuhusu kurasa za riwaya, Wamarekani wengi wanataka kurasa tano au kumi za mwanzo, Waingereza mara nyingi sura tatu pamoja na muhtasari wa riwaya nzima mpaka mwisho, na wengi wanataka ubandike ndani ya imeili maana viambatanisho hawafungui. Hapo kwenye kubandika nilipata shida, nikitoa kwenye Word aya zinashikana, alama za kufungua na kufunga semi zinageuka viboksi. Yule kijana wa steshenari ndiye aliyenionyesha, nakili, bandika kwanza Notepad, pale inavuliwa mapambo yote, halafu ndio uhamishie kwenye imeili uachanishe aya kwa mkono, kisha jitumie mwenyewe kwanza uone inavyofika. Dakika ishirini kwa kila barua. Alinitoza mia tano ya intaneti tu.

Kitu kingine cha sisi wa huku, saa. Kuna mawakala wanafungua siku chache tu za mwezi, na wengine wakishajaa wanafunga hapo hapo. Saa sita usiku ya New York kwetu ni saa moja asubuhi wakati wao wako kiangazi, na wakiwa kwenye baridi inakuwa saa mbili. Saa moja asubuhi mimi nipo paredi. Nilikuwa naandaa kila kitu usiku, fomu imejazwa kwenye daftari, nikitoka paredi nakaa stafurumu natuma kwa bando la simu. Siku moja umeme ulikatika Nkuhungu nzima usiku simu haikuchaji, nikawahi asubuhi kwa mama ntilie wa jirani na shule mwenye sola, akanichajia huku nakunywa uji wa ulezi, na ile barua ndiyo iliyokuja kuombwa muswada mzima.

Hesabu yangu mpaka leo ni hii, nimetuma 41. Waliokataa 19, wasiojibu kabisa 17, walioomba muswada mzima 2, wanaosubiriwa 3. Mtu ataona ni kidogo, mimi naona ni kingi sana. Kwenye tovuti wale wasiojibu unawafunga mwenyewe ukishaona muda walioutaja umepita, na kwangu hii ilikuwa dawa, kwa sababu kabla ya hapo kimya nilikuwa nakibeba kila siku kama deni. Wengi wanasema wazi kabisa, usiposikia ndani ya wiki nane ujue ni hapana. Unafunga, unaandaa nyingine.

Kwa wale mnaoandika Kiswahili tu, niwaambie ukweli msije mkapoteza hela, hii huduma haitawafaa sana. Mawakala waliomo kwa sehemu kubwa wanasoma Kiingereza. Hapa nyumbani hatuna huo utaratibu wa wakala katikati, unapeleka mwenyewe kwa mchapishaji, Mkuki na Nyota au E&D Vision kwa mfano, na kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ilitolewa mara ya kwanza 2023, halafu kuna ile ya Safal-Cornell, ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hiyo inapokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapwa. Toleo langu la Kiswahili nitalipeleka huko huko, nalihariri sasa hivi, na wallahi linanipendeza kuliko la Kiingereza, maana bibi yangu ndani yake anaongea kwa sauti yake.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu mawakala walioko Afrika ni wa kutafuta kwa tochi humo ndani, natamani siku moja niandike Afrika Mashariki pale kwenye kutafuta inipe majina kumi. Anayeandika riwaya kwa Kiingereza aanze na ile ya bure leo leo, asilipie kabla hajatuma hata barua kumi.

Wale wawili walioomba muswada mzima, mmoja amekataa mwezi wa tano, ila aliandika aya mbili nzima, akasema sura ya mbuyu alirudia kuisoma. Nimeiprinti, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Mwingine anao tangu mwezi wa nne, fomu yake inakupa linki ya kuangalia imefikia wapi. Leo asubuhi kabla ya paredi nimeifungua, bado haijajibiwa, nimezima data nikaingia Form Two B.